Hoja Isiyosemwa: Mbinu za Ushawishi katika Kumbukumbu za Michoro za John Lewis

UTANGULIZI

Mwalimu wa fasihi akitaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi mshairi anavyomvuta msomaji, hakosi msamiati. Anayo tashbihi, anayo istiara, anayo takriri, kinaya na tashihisi. Na akizidi kuchimba atayakuta mengine katika elimu ya balagha. Lakini mwalimu huyo huyo akipewa kitabu ambacho nusu ya usemi wake ni michoro, aghalabu husema tu kwamba picha ni nzuri, au kwamba picha inasikitisha, kisha akafungua ukurasa mwingine. Hapo elimu hukoma kwa kukosa maneno.

Upungufu huu si mdogo. Mtu asiyeweza kuitaja mbinu iliyomshawishi hawezi kuipima. Atavutwa na la haki na la uongo kwa kamba ile ile moja. Nao ushawishi wa michoro umetuzunguka. Ofisi za umma hutoa vijitabu vya afya, vya kilimo na vya uchaguzi vyenye michoro. Wafasiri huletewa vitabu vya namna hiyo wavitie katika Kiswahili. Na vijana huvisoma kabla ya kusoma riwaya. Kwa hiyo tumeona yafaa kutazama kitabu kimoja mashuhuri cha aina hii, kueleza historia yake, na kuuliza ni kwa njia gani kinamshawishi msomaji wake. Katika safari hiyo tutapendekeza majina machache, si kwa kuyalazimisha, bali ili wasomaji wetu wayapime.

Kitabu chenyewe ni March, kumbukumbu za John Lewis, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1940 karibu na mji wa Troy katika jimbo la Alabama, akawa mbunge wa jimbo la Georgia tangu 1987 hadi alipofariki tarehe 17 Julai 2020. Aliitunga pamoja na Andrew Aydin, aliyekuwa mtumishi katika ofisi yake ya ubunge, nayo michoro ilifanywa na Nate Powell. Ilitoka katika juzuu tatu, mwaka 2013, 2015 na 2016. Juzuu ya tatu ilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani, katika fungu la vitabu vya vijana, mwezi Novemba 2016. Hapakuwa kabla yake kitabu cha michoro kilichopata kuishinda tuzo hiyo.

SUALA LA JINA

Kabla ya kuingia ndani, hatuna budi kukipa kitabu hiki jina la aina yake. Neno katuni ndilo linalokuja kwanza kinywani. Lakini katika magazeti yetu katuni imezoeleka kuwa jambo la kuchekesha na kudhihaki, na msomaji anayeambiwa kwamba ataisoma katuni ya watu waliovunjwa mafuvu ya vichwa atadhani anafanyiwa mzaha. Hadithi ya picha nayo haifai hapa, maana neno hadithi huondoa dai la ukweli, ilhali kitabu hiki kinadai kwamba yaliyomo yalitendeka, na kinataja siku na mahali.

Yabaki majina mawili. La kwanza ni tawasifu ya michoro. Tawasifu ni neno lililokwisha kukaa vizuri katika fasihi yetu, nasi tunaye Shaaban Robert kuwa mfano wake bora. Hata hivyo, tawasifu inatazamiwa kuyafuata maisha ya mtu kwa upana wake, na kitabu cha Lewis kinakoma mwaka 1965, mtunzi akiwa na umri wa miaka 25, bila kuusimulia ubunge wake wote. La pili ni kumbukumbu za michoro. Watumishi wa ofisi watatabasamu, kwa kuwa kwao kumbukumbu ni zile za mkutano, au ni namba ya jalada. Lakini neno hilo hilo ndilo litumikalo kwa mambo ambayo mtu ameyashika moyoni na kuyatoa baadaye, na mtu huyakumbuka ayakumbukayo, si yote. Kwa sababu hiyo tunalichagua kumbukumbu za michoro, na ndilo tutakalolitumia katika makala haya.

Kuhusu viungo vya aina hii ya kitabu, kila mchoro uliozungushiwa mstari tutauita fremu, neno linalojulikana na kila mpiga picha na kila fundi wa kutia vioo. Duara la usemi linalotoka kinywani mwa mtu tutaliita kiputo. Nafasi tupu iliyo kati ya fremu na fremu tutaiita mwanya. Sababu za kuchagua neno hili la mwisho zitaonekana mbele.

KIJITABU CHA MWAKA 1957

Historia ya March haianzi mwaka 2013. Inaanzia katika kijitabu cha kurasa 16 kilichotolewa mwezi Desemba 1957 na shirika la Fellowship of Reconciliation, kikauzwa kwa senti 10 za Kimarekani. Kilieleza mgomo wa mabasi wa mji wa Montgomery, uliodumu siku 381, tangu Desemba 1955 hadi Desemba 1956, watu weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowatenga. Zilichapwa nakala zipatazo 250,000, zikasambazwa kwa njia ya makanisa, shule na vyama.

Watungaji wa kijitabu kile, Alfred Hassler na Benton Resnik, walifanya jambo la busara. Ijapokuwa jina la Martin Luther King liko kwenye jalada, msimulizi ni mtu wa kawaida aitwaye Jones. Msomaji maskini hakuambiwa amtazame shujaa aliye mbali; aliambiwa amtazame jirani yake. Kisha kurasa za mwisho zikaacha kusimulia na kuanza kufundisha: hatua baada ya hatua, jinsi watu wa mahali popote wanavyoweza kuitumia njia ile ile. Kijitabu kilikuwa hadithi mwanzoni na mwongozo wa kazi mwishoni.

John Lewis alikuwa miongoni mwa vijana waliokisoma. Nusu karne baadaye, mwaka 2008, alimsimulia Aydin habari zake. Naye Aydin, aliyependa vitabu vya michoro tangu utotoni, akamsihi aandike chake. Aydin alifika hata kuandika tasnifu ya chuo kikuu juu ya historia ya kijitabu hicho. Katika mwaka huo huo wa 2008 kijitabu cha 1957 kilitafsiriwa kwa Kiarabu, kikasomwa Misri. Basi mtu asidhani kwamba kumtumia mchoraji katika jambo zito ni mtindo wa juzi. Tunao hapa mfano wa kazi iliyozaa kazi nyingine baada ya miaka zaidi ya 50.

KUKETI KAMA PICHA

Hapa ndipo tunapofika kwenye hoja yetu kuu. Watu wengi wanaosifu March husema kwamba michoro imerahisisha historia ngumu. Sisi tunaona kwamba jambo ni kubwa kuliko hilo. Harakati ambazo Lewis anazisimulia zilikuwa zenyewe ni ushawishi wa kuonyesha. Hazikungoja mchoraji azigeuze kuwa picha. Waliozifanya walizipanga ziwe picha tangu siku ya kwanza.

Tuutazame mji wa Nashville katika jimbo la Tennessee. Mwezi Februari 1960 wanafunzi weusi walianza kuingia katika maduka makubwa ya mji, wakanunua vitu vidogo vidogo, kisha wakaketi kwenye kaunta za chakula zilizokuwa za weupe peke yao, wakaagiza chakula. Waliponyimwa hawakuondoka. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo walikuwa wakifundishwa na mchungaji James Lawson, aliyekuwa amekwenda India kujifunza njia za Gandhi. Katika mafunzo hayo wenzao walijifanya adui: waliwatukana, waliwapulizia moshi wa sigara usoni, waliwasukuma wakaanguka. Juzuu ya kwanza inayaonyesha mafunzo hayo bila kuyafunika, na inaonyesha pia orodha ya masharti waliyopewa vijana: wasirudishe pigo wala tusi, waketi wima, waikabili kaunta, wawe na adabu wakati wote.

Masharti hayo, yakisomwa na mfasiri, yanafanana na maagizo ambayo mwandishi humpa mchoraji wake. Kijana aliyevaa suti, amenyoosha mgongo, ana kitabu mbele yake. Nyuma yake kundi la watu wanaomwagia vinywaji na kumchoma kwa sigara. Hakuna hotuba iliyotolewa. Anayetazama ndiye anayelazimika kuuliza ni nani hapo aliye mstaarabu. Siku ya Jumapili, tarehe 7 Machi 1965, ilikuwa vivyo hivyo. Watu wapatao 600, wakiongozwa na Lewis na Hosea Williams, walivuka daraja la Edmund Pettus katika mji wa Selma wakiwa wawili wawili, kimya. Lewis alivaa koti refu na kubeba shanta mgongoni, ndani yake mna vitabu viwili, tufaha, chungwa na mswaki, kwa kuwa alitazamia kulala jela. Askari wa jimbo waliwapiga kwa virungu na kuwatupia moshi wa kutoa machozi. Fuvu la Lewis likavunjika. Jioni hiyo kituo cha televisheni cha ABC kilikatiza filamu juu ya kesi za mahakimu wa Kinazi kikaonyesha tukio la darajani. Miezi mitano baadaye, tarehe 6 Agosti 1965, Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson.

Kwa hiyo Lewis alipokubali maisha yake yachorwe, hakuhamia lugha ngeni. Alirudi kwenye lugha aliyoisema ujanani mwake.

AINA TATU ZA USHAWISHI

Tukizikusanya mbinu za kitabu hiki, tunaona zinaingia katika mafungu matatu. Tumeyapa majina rahisi ya Kiswahili: ushawishi wa kusema, ushawishi wa kuonyesha, na ushawishi wa kuacha.

Ushawishi wa kusema ni ule tuuzoeao. Ni maneno ya msimulizi na ya wahusika. Mbinu yake ya kwanza katika March ni jinsi msimulizi anavyojipatia imani ya msomaji. Kitabu kinafunguliwa darajani Selma, kisha kinahamia Washington asubuhi ya tarehe 20 Januari 2009, siku ya kuapishwa kwa Rais Barack Obama. Mama mmoja na wanawe wawili wanaingia katika ofisi ya Lewis, na mtoto anauliza kwa nini ofisini mna sanamu nyingi za kuku. Mbunge anaanza kujibu. Basi historia nzima inaelekezwa kwa mtoto, nasi watu wazima tumekaa pembeni tukisikiliza. Ndivyo wazee wetu wafanyavyo wanapotaka kumwonya mtu mzima: humwambia mtoto, mkubwa akasikia.

Jibu lenyewe ni habari za kijana wa shamba aliyewahubiria kuku, akawafanyia maziko walipokufa, akanuna wazazi walipomchinja mmojawapo kwa kitoweo. Msomaji anacheka. Lakini anapocheka amekwisha kumjua msimulizi kuwa mtu mwenye huruma na asiyejikweza. Na kijana aliyeona uchungu kwa kuku hatashangaza baadaye atakapokataa kumpiga binadamu. Hoja imejengwa kabla msomaji hajajua kwamba kuna hoja.

Ushawishi wa kuonyesha hufanywa na wino wenyewe. Powell hakutumia rangi. Kurasa zote ni nyeusi na nyeupe na kijivu kati yake. Katika kitabu kinachosimulia jinsi watu walivyogawanywa kwa weusi na weupe, chaguo hilo lina uzito. Hati nazo zimechorwa kwa mkono: mnong'ono unaandikwa kwa herufi ndogo zinazokaribia kupotea, nao ukelele huvimba hadi ukaikata fremu. Aidha kuna mpangilio wa picha mbili zinazoshindana. Mfano wake bora umo katika juzuu ya pili. Aretha Franklin anaimba wimbo wa kuisifu nchi katika sherehe ya kuapishwa kwa Obama mwaka 2009, na maneno ya wimbo yanaendelea kupita juu ya picha za tarehe 20 Mei 1961, wasafiri wa kupigania uhuru walipopigwa katika kituo cha mabasi cha Montgomery, Lewis akiwa mmoja wao. Mtunzi hasemi kwamba nchi imekwenda mbali, wala hasemi kwamba sifa za nchi zilikuwa uongo. Ameziweka picha mbili pamoja, akanyamaza. Mbinu hii tunaweza kuiita mkabilisho, kwa kuwa vitu viwili vimesimamishwa vikabiliane.

Ushawishi wa kuacha ndio mgumu kuuona, nao ndio wenye nguvu zaidi. Mwaka 1993 Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake Understanding Comics, alieleza kwamba sanaa hii hukamilika katika nafasi iliyo kati ya fremu na fremu, ambamo msomaji huunganisha mwenyewe. Mchoraji anaweza kutuonyesha kirungu kilichoinuliwa katika fremu moja, na mtu aliyelala chini katika fremu ifuatayo. Pigo halikuchorwa. Ni msomaji aliyelipiga pigo hilo akilini mwake, na kwa sababu amelitenda yeye, hawezi kulisahau upesi.

Ndiyo maana tumelichagua neno mwanya. Kwetu mwanya ni nafasi wazi. Ni pia fursa, kama tusemapo mtu amepata mwanya. Na katika kinywa, mwanya kati ya meno ya mbele huhesabiwa kuwa uzuri, ingawa kwa kweli ni mahali ambapo hapana kitu. Hayo yote matatu yamo katika nafasi ile nyeupe ya ukurasa.

Mwanya unaweza kuwa mpana kuliko nafasi ya fremu mbili. Maandamano makubwa ya Washington yalifanyika tarehe 28 Agosti 1963; Lewis, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa miongoni mwa wasemaji, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyoratibu upinzani bila mabavu. Siku 18 baadaye, tarehe 15 Septemba, bomu liliwaua wasichana wanne katika kanisa la mtaa wa 16 mjini Birmingham. Maandamano hayo yamo katika juzuu ya pili. Juzuu ya tatu inafunguliwa kwa mlipuko huo. Msomaji aliyefurahia ushindi anaufungua mlango mpya akakuta vifusi. Hakuna sentensi inayomwambia kwamba ushindi wa hotuba si ushindi wa mwisho.

MIZANI YA UKWELI

Maadamu tumeyataja hayo kwa sifa, ni wajibu wetu kuuliza pia kuhusu hatari zake. Mchoro unajua mengi kuliko kumbukumbu. Mtu anaweza kukumbuka kwamba askari alimpiga, asikumbuke vifungo vya koti la askari huyo. Lakini mchoraji hana budi kuvichora vifungo. Mazungumzo ya miaka 50 iliyopita hayakubaki neno kwa neno, ilhali kiputo kinayaweka kana kwamba yalinaswa na mashine. Msomaji asiye na tahadhari atauchukua mchoro kuwa picha ya kamera. Mwalimu hana budi kuwafundisha wanafunzi kutenganisha mambo matatu: tukio, kumbukumbu ya tukio, na mchoro wa kumbukumbu.

Je, March inajilinda vipi na hatari hiyo? Tunaona njia mbili. Kwanza, inawapa wapinzani nafasi ya kuwa watu. Tarehe 19 Aprili 1960, baada ya nyumba ya wakili Z. Alexander Looby kulipuliwa kwa bomu alfajiri, maelfu waliandamana hadi ofisi ya meya wa Nashville, Ben West. Diane Nash, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fisk, alimwuliza hadharani kama yeye binafsi aona ni haki kumbagua mtu kwa sababu ya rangi yake. Meya angeweza kukwepa. Alikiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei kaunta za maduka sita ya mji zikaanza kuwahudumia weusi. Kitabu kinampa meya heshima ya jibu lake, na hapo kinashawishi zaidi kuliko kama kingemchora kuwa zimwi. Isitoshe, swali la Nash lilikuwa lenyewe ni mwanya: hakumwambia meya la kusema, alimwachia nafasi naye akaijaza.

Pili, hakifichi ugomvi wa nyumbani. Hotuba ya Lewis ya mwaka 1963 ilipunguzwa ukali saa za mwisho, kwa kuwa Askofu Mkuu Patrick O'Boyle alitishia kutoshiriki na mzee A. Philip Randolph akawasihi vijana wakubali. Juzuu ya pili inasimulia mvutano huo, na mwishoni imeiweka hotuba ya awali jinsi ilivyokuwa kabla ya kupunguzwa, ili msomaji ailinganishe na iliyosemwa. Mtu anayekushawishi kisha akakupa mkononi vifaa vya kumpimia, huyo si mdanganyifu. Tunaweza kuufanya huo kuwa msingi wa kupimia kumbukumbu zozote za michoro: je, kitabu kimeniachia njia ya kukikagua?

MAMBO YA MFASIRI

Kwa wafasiri, kitabu hiki kina mitego kuanzia jalada. Jina lake la Kiingereza lina maana tatu kwa mara moja: ni maandamano, ni amri ya kuanza kwenda kwa miguu, na ni jina la mwezi wa tatu, ambao ndani yake damu ilimwagika Selma. Neno maandamano linaishika maana ya kwanza peke yake. Andamaneni lingeshika ya pili na kuugusia ya kwanza, lakini mwezi unapotea. Sisi twaona afadhali mwezi upotee kwenye jalada, uonekane kwenye ukurasa wa tarehe, kuliko kubuni neno ambalo hakuna alisemaye.

Kitendo cha wanafunzi wa Nashville nacho hakina jina lililotulia. Wengine husema mgomo wa kuketi. Lakini mgomo ni kukataa, na wanafunzi wale hawakukataa kitu. Waliomba kununua chakula kama mteja yeyote. Tunapendekeza kuketi kwa kudai haki, ingawa ni refu. Hali kadhalika, falsafa yao ikiitwa kutotumia nguvu, inasikika kama udhaifu, mtu aliyekaa bure. Upinzani bila mabavu huonyesha kwamba hapo pana upinzani, na kwamba kilichoachwa ni mabavu, si nguvu.

Jambo la tatu ni mtihani wa kusoma na kuandika uliowekwa mbele ya waliotaka kujiandikisha kupiga kura. Kwa Mtanzania aliyeiona elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, mtihani wa namna hiyo ni sherehe. Katika majimbo ya kusini ya Marekani ulikuwa mtego. Mwombaji mweusi aliweza kuulizwa idadi ya mapovu katika kipande cha sabuni. Mfasiri atahitaji maneno machache ya ziada, na anao mfano wa karibu wa kumfaa msomaji: uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ambamo haki ya kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo, na kila mpiga kura akatakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia.

Uhusiano huo si wa kulazimisha. Dai la kura moja kwa kila mtu, alilolitia Lewis katika hotuba yake ya 1963, alilichukua waziwazi kwa Waafrika, baada ya kuona picha ya wanawake wa Rhodesia wakiwa na mabango yenye maneno hayo. Yaani hata hapo picha ndiyo iliyotangulia. Desemba ya mwaka huo viongozi wa SNCC walionana na Oginga Odinga wa Kenya mjini Atlanta, wakatunga wimbo uliobeba jina lake. Na mwaka 1964 Lewis na mwenzake Donald Harris, wakiwa safarini Afrika, walikutana na Malcolm X mjini Nairobi, katika hoteli ya New Stanley. Mkutano huo umo katika juzuu ya tatu, na msomaji wetu atautambua mji wake.

Mwisho kuna taabu ya nafasi. Kiputo kilichopimwa kwa maneno mafupi manne ya Kiingereza huletewa neno moja refu la Kiswahili, mathalani hatutawarudishia, ambalo haligawanyiki vizuri kwenye mistari miwili. Ukiipunguza hati ili ienee, umegeuza ukelele kuwa mnong'ono, na kosa hilo ni la maana, si la umbo. Katika kazi ya aina hii mfasiri hana budi kuketi meza moja na mchora hati, la sivyo ataharibu kwa mkono mmoja alichokitengeneza kwa mwingine.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya kumbukumbu hizi haitokani na kurahisisha mambo. Inatokana na ulinganifu kati ya jambo na namna ya kulisimulia: vijana walioketi kimya wakauacha ulimwengu utazame, wamesimuliwa kwa sanaa inayoonyesha, ikaacha mwanya, ikamngoja msomaji.

Mwezi Julai 2015, katika mkutano mkubwa wa vitabu vya michoro mjini San Diego, ambako watu huvaa mavazi ya mashujaa wa kubuni, Lewis, mwenye umri wa miaka 75, alivaa koti refu kama lile la Selma, akabeba shanta mgongoni, akawashika watoto mikono na kupita nao ukumbini. Nyuma yao wakafuata watu wengi. Mzee aliifanya picha ile tena, kwa makusudi, akijua vema ifanyavyo kazi.

Wanafunzi wetu nao wanastahili kujua ifanyavyo kazi. Siku watakapoletewa kijitabu chenye michoro mizuri kinachowataka wamchukie mtu, au wainunue dawa, au wampe fulani kura zao, tunataka waweze kuweka kidole penye mwanya na kuuliza: hapa nimetakiwa nijaze nini, na ni nani aliyetaka nijaze? Swali hilo haliwezi kuulizwa bila maneno. Kuyatafuta maneno hayo, kuyajaribu darasani na ofisini, na kuyatupa yasiyofaa, ndiyo kazi iliyo mbele yetu sote.